Utafiti wa Taifa, Utafiti wa Jimbo au Hesabu ya Wajumbe: Kipi Kifuatwe Katika Mchujo wa Urais wa Marekani

Kila baada ya miaka minne, takribani mwaka mzima kabla ya kura ya kwanza ya mchujo kupigwa nchini Marekani, vyombo vya habari huanza kumwaga asilimia. Fulani anaongoza kwa pointi 12, fulani ameporomoka, chama kimegawanyika. Msomaji anayetaka kujua ni nani hasa atakayepeperusha bendera ya chama hukutana na vipimo vitatu ambavyo mara nyingi havikubaliani: tafiti za maoni za nchi nzima, tafiti za majimbo yanayotangulia kupiga kura, na hesabu ya wajumbe wa mkutano mkuu wa chama. Kipo pia kipimo cha nne, kinachopendwa sana na wahariri, nacho ni utafiti unaowauliza wafuasi wa mgombea mmoja kama watamuunga mkono mpinzani wake iwapo atashinda.

Makala haya yanaviweka vipimo hivyo sambamba, kwa kutegemea hasa michujo miwili iliyovitikisa vyama vyake, ule wa Wademokrati wa 2008 na ule wa Warepublikan wa 2016. Niseme mapema ninakoegemea. Kabla ya majimbo ya mwanzo kupiga kura, utafiti wa jimbo una thamani kuliko wa taifa. Baada ya Jumanne Kuu, yaani siku ambayo majimbo mengi hupiga kura pamoja, tafiti ziwekwe kando na wajumbe wahesabiwe. Na kuhusu mgawanyiko wa chama, ramani ya kura zilizokwisha kupigwa husema kweli kuliko majibu ya mtu mwenye hasira kwenye simu.

Taifa lote au jimbo moja

Utafiti wa taifa una sifa zake. Hutoka karibu kila wiki, hufanywa na taasisi nyingi kiasi kwamba kosa la mmoja huweza kufidiwa na mwingine, na ukifuatwa kwa miezi huonyesha nani anapanda na nani anashuka. Kasoro yake kubwa ni kwamba hakuna siku ambayo taifa lote hupiga kura ya mchujo. Kwa desturi ya miaka mingi, kabla Wademokrati hawajaubadilisha mpangilio wao mwaka 2024, Iowa na New Hampshire zilitangulia, zikafuata Nevada na South Carolina, kisha Jumanne Kuu, na matokeo ya kila hatua hubadilisha orodha ya wagombea pamoja na mawazo ya wale ambao zamu yao haijafika. Mkazi wa California anayeulizwa mwezi Oktoba anajibu kuhusu shindano ambalo, atakapoingia kituoni, huenda nusu ya majina aliyosomewa yamekwisha kujiondoa.

Mwaka 2007 ndio mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu tafiti za taifa zilivipotosha vyama vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa Wademokrati, Hillary Clinton aliongoza mwaka mzima, na kufikia Oktoba alikuwa mbele ya Barack Obama kwa pointi 20 na zaidi. Kwa Warepublikan, Rudy Giuliani, aliyekuwa meya wa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, aliongoza kwa sehemu kubwa ya mwaka huo. Hakuna kati yao aliyeteuliwa. Giuliani, ambaye tafiti za Iowa na New Hampshire hazikumpa matumaini, aliweka nguvu zake zote Florida, na Florida ilipopiga kura tarehe 29 Januari 2008 alishika nafasi ya tatu. Siku iliyofuata alijiondoa na kumuunga mkono John McCain, ambaye ndiye aliyekuja kuteuliwa na Warepublikan. Uongozi wake wa taifa ulikuwa kwa kiasi kikubwa umaarufu wa jina, na mtu ambaye bado hajaanza kuufikiria uchaguzi hutaja jina analolifahamu.

Iowa ilikuwa ikieleza habari nyingine. Huko Clinton, Obama na John Edwards walikuwa wamekabana koo kwa miezi. Mwaka 2007 ulipokuwa ukimalizika, gazeti la Des Moines Register lilitoa utafiti wake wa mwisho, uliosimamiwa na Ann Selzer, ukimpa Obama asilimia 32, Clinton 25 na Edwards 24. Kilichozua mjadala hakikuwa uongozi wa Obama peke yake, bali takwimu iliyokuwa chini yake: asilimia 60 ya waliosema wangehudhuria kokasi, yaani ile mikutano ya jioni ambamo Wademokrati wa Iowa walisimama kwa makundi kumuunga mkono mgombea wao, walisema ingekuwa mara yao ya kwanza. Kambi ya Clinton iliutilia shaka hadharani. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi, kwa kuwa wapiga kura wapya ndio wanaoahidi sana na kutokea kidogo.

Tarehe 3 Januari 2008 walitokea. Waliohudhuria walikuwa takribani 239,000, ilhali mwaka 2004 walikuwa kama 124,000. Waliohojiwa mlangoni walionyesha kuwa asilimia 57 walikuwa wageni wa kokasi. Obama alipata asilimia 37.6, Edwards 29.7 na Clinton 29.5. Ushindi huu wa utafiti wa jimbo haukuwa bahati ya sampuli. Wapo watafiti waliochuja wahojiwa kwa kuangalia nani alihudhuria miaka iliyotangulia, na kwa njia hiyo mtu mpya aliondolewa kabla hajahesabiwa; Selzer alimwacha mhojiwa ajieleze mwenyewe kama atakwenda au hatakwenda.

Hata hivyo, anayechagua utafiti wa jimbo asidhani amejipatia uhakika. Siku tano tu baadaye, huko New Hampshire, tafiti zilimweka Obama mbele kwa wastani wa pointi 8 hivi, na Clinton akashinda kwa asilimia 39 dhidi ya 36.5. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba chama cha kitaaluma cha watafiti wa maoni wa Marekani kiliunda jopo la kuchunguza kilichotokea. Ripoti ya jopo hilo haikumtaja mkosaji mmoja. Ilieleza kwamba muda kati ya Iowa na New Hampshire ulikuwa mfupi mno, kwamba baadhi ya wapiga kura waliamua dakika za mwisho, kwamba watu wa aina iliyompendelea Clinton walikuwa wagumu kupatikana kwa simu, na kwamba hata mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura, ambapo Clinton alitangulia juu na Obama akawa chini, ungeweza kuwa na athari. Msomaji achukue hapa jambo moja la vitendo: utafiti wa jimbo uliofanywa katika wiki moja na tukio kubwa, kama vile ushindi wa jimbo lililotangulia, hupima mshtuko wa tukio hilo.

Kosa kama hilo halikuisha mwaka 2008. Tarehe 8 Machi 2016, katika mchujo wa Wademokrati, Bernie Sanders alimshinda Clinton huko Michigan kwa chini ya pointi 2, wakati wastani wa tafiti ulimweka Clinton mbele kwa takribani pointi 20. Nitairudia Michigan, kwa sababu kosa lile lilikuwa na maana zaidi ya siku yenyewe.

Warepublikan wa 2016 wanaweza kuonekana kuwa ushahidi dhidi ya msimamo wangu. Donald Trump alitangaza nia tarehe 16 Juni 2015, na kuanzia Julai aliongoza tafiti za taifa, isipokuwa kipindi kifupi Ben Carson alipomfikia. Wachambuzi wengi, wakikumbuka Giuliani, walikataa kuziamini, wakasema ni jina tu la mtu wa televisheni. Tafiti za taifa zikawa sahihi. Utafiti wa Iowa, tena wa Selzer yuleyule, ndio uliokosea: ulimpa Trump 28 na Ted Cruz 23, lakini tarehe 1 Februari 2016 Cruz alishinda kwa asilimia 27.6, Trump akapata 24.3, na Marco Rubio, aliyepewa 15, akapata 23.1.

Tofauti kati ya Giuliani na Trump haimo katika tafiti za taifa, maana humo walifanana. Imo katika majimbo. Trump alikuwa akiongoza pia New Hampshire na South Carolina, na alipofika New Hampshire alipata asilimia 35 huku wa pili, John Kasich, akiwa chini ya 16. Giuliani hakuwa na jimbo la mwanzo hata moja lililomuunga mkono. Clinton wa 2007 alikuwa katikati, kwa kuwa alikuwa mbele New Hampshire na kubanwa Iowa, na mchujo wake ukaenda hivyohivyo, akipata hapa na kukosa pale hadi Juni. Kwa hiyo utafiti wa taifa si wa kutupwa. Ni dai linalohitaji shahidi, na shahidi wake ni jimbo.

Ni jimbo gani, hilo hutegemea chama. Mwaka 2020 Joe Biden aliongoza tafiti za taifa kwa sehemu kubwa ya 2019, kisha akawa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire kwa asilimia 8 tu. Aliyezitazama Iowa na New Hampshire peke yake alimzika mapema. Lakini nguvu ya Biden ilikuwa kwa wapiga kura Weusi, ambao ni wachache sana katika majimbo hayo mawili na ndio wengi katika mchujo wa Wademokrati wa South Carolina, na tafiti za South Carolina hazikuacha kumweka juu isipokuwa kwa kubanwa kidogo mwezi Februari. Tarehe 26 Februari mbunge wa jimbo hilo, James Clyburn, alimuunga mkono. Tarehe 29 Biden alishinda kwa karibu asilimia 49. Pete Buttigieg na Amy Klobuchar wakajiondoa na kusimama naye kabla ya Jumanne Kuu ya tarehe 3 Machi. Kwa Wademokrati, basi, South Carolina ilikuwa shahidi mzito kuliko Iowa, ingawa ilizungumza baadaye.

Kuhusu sampuli, yatosha kusema machache. Utafiti wa taifa wa watu 1,000 hutangazwa kuwa na kiwango cha makosa cha takribani pointi 3, lakini wanaotarajia kupiga kura katika mchujo wa chama kimoja ni sehemu tu ya hao 1,000. Wakiwa 400, kiwango cha makosa hukaribia pointi 5 kwa kila mgombea, na shaka iliyopo katika tofauti kati ya wagombea wawili ni kubwa zaidi ya hapo. Kichwa cha habari kinachosema fulani amempita fulani kwa pointi 2 katika utafiti kama huo hakijasema lolote.

Pamoja na udhaifu huo, asilimia hizohizo zimewahi kutumika kama lango. Mdahalo wa kwanza wa Warepublikan, tarehe 6 Agosti 2015, uliwapa jukwaa kuu wagombea 10 kati ya 17 kwa kufuata wastani wa tafiti za taifa. Kasich alipenya akiwa wa 10, Rick Perry akabaki nje kwa tofauti ndogo kuliko kiwango cha makosa cha tafiti zilizotumika, na mwezi uliofuata Perry akawa wa kwanza kujiondoa. Scott Walker, gavana wa Wisconsin aliyekuwa ameongoza Iowa miezi michache tu nyuma, alijiondoa tarehe 21 Septemba baada ya utafiti mmoja wa taifa kumpa chini ya nusu ya asilimia moja. Hapa utafiti hautabiri tena mchujo bali unauamua, na kwa maoni yangu hilo ndilo tumizi lake baya kuliko yote, maana huipa sampuli ndogo mamlaka ambayo kisheria ni ya mpiga kura.

Hesabu ya wajumbe

Mteule wa chama hapatikani kwa asilimia za kura bali kwa wajumbe, na hapo ndipo vyama viwili vinatofautiana sana. Wademokrati hugawa wajumbe kwa uwiano katika kila jimbo, kwa masharti kwamba mgombea afikishe asilimia 15. Warepublikan huyaachia majimbo uhuru zaidi, na mengi, hasa yanayopiga kura baada ya katikati ya Machi, humpa mshindi wajumbe wote au karibu wote.

Chukua Jumanne Kuu ya tarehe 5 Februari 2008. Huko New Jersey, katika uchaguzi uliohudhuriwa na zaidi ya Wademokrati milioni moja, Clinton alishinda kwa takribani pointi 10 na kupata wajumbe 59 dhidi ya 48, faida ya 11. Huko Idaho, jimbo ambalo hakuna Mdemokrati anayelitegemea mwezi Novemba, kokasi ilihudhuriwa na watu kama 21,000. Obama alichukua wajumbe 15 dhidi ya 3, faida ya 12. Televisheni zilionyesha New Jersey usiku kucha. Idaho ilikuwa na uzito zaidi kwa mjumbe mmoja. Haikuwa ajali, kwa kuwa kambi ya Obama ilikuwa imeajiri watu na kufungua ofisi katika majimbo madogo ya kokasi ambayo wenzao waliyadharau. Texas ilirudia somo hilo tarehe 4 Machi: Clinton alishinda kura ya kawaida kwa zaidi ya pointi 3, lakini jimbo lilikuwa na kokasi pia usiku uleule, Obama akaishinda, na hesabu ilipokamilika yeye ndiye aliyepata wajumbe 99 dhidi ya 94.

Kufikia mwishoni mwa Februari, Obama alikuwa ameshinda mfululizo na kutangulia kwa zaidi ya wajumbe 100 waliopatikana kwa kura. Aliyefuatilia tafiti za kila siku aliendelea kuona wagombea wakipokezana uongozi Machi na Aprili, akaamini kwamba kila kitu kiko wazi. Aliyehesabu wajumbe aliona kwamba kanuni ya uwiano inamfunga Clinton mikono: aliposhinda Pennsylvania tarehe 22 Aprili kwa takribani pointi 9, ushindi uliotangazwa kuwa wa kufufuka, alipata wajumbe 12 zaidi ya mpinzani wake. Majimbo yaliyobaki hayakutosha. Tumaini lake la kweli lilikuwa kwa vigogo wa chama waliokuwa na kura zao wenyewe mkutanoni bila kufungwa na matokeo ya majimbo, pamoja na mgogoro wa Michigan na Florida, yaliyoadhibiwa kwa kuharakisha tarehe zao na hatimaye, tarehe 31 Mei, yakarudishiwa wajumbe wenye nusu kura. Clinton alikubali matokeo tarehe 7 Juni, wote wawili wakiwa na takribani kura milioni 18 kila mmoja.

Sasa ilinganishe na South Carolina ya Warepublikan, tarehe 20 Februari 2016. Trump alipata asilimia 32.5 ya kura na wajumbe wote 50. Kama jimbo lingetumia uwiano wenye kizingiti cha asilimia 15, wangegawana yeye, Rubio na Cruz, waliokuwa na asilimia 22 na ushee kila mmoja, na Trump angeondoka na wajumbe kama 21. Florida ilimpa wajumbe 99 kwa asilimia 46 ya kura tarehe 15 Machi. Hakuvuka nusu ya kura katika jimbo lolote hadi New York tarehe 19 Aprili, na kwa wakati huo alikuwa amekwisha kukusanya mamia ya wajumbe kati ya 1,237 waliohitajika. Cruz alijiondoa usiku wa Indiana, tarehe 3 Mei, na Kasich siku iliyofuata.

Kwa hiyo hesabu ya wajumbe ndiyo kipimo bora kwa vyama vyote viwili, ila husomwa kwa namna mbili. Kwa Wademokrati, uongozi wa wajumbe 100 mwezi Machi ni mkubwa sana hata kama tafiti zinabanana, kwa sababu aliye nyuma hawezi kuufuta bila kushinda kwa kishindo jimbo baada ya jimbo. Kwa Warepublikan, uongozi wa namna hiyo unaweza kufutwa kwa majimbo mawili makubwa, lakini mgombea mwenye theluthi ya kura dhidi ya wapinzani waliogawanyika anaweza pia kumaliza mchezo kabla wapinzani hawajaamua nani ajitoe. Kanuni hizi huathiri mgawanyiko wenyewe. Ile ya Wademokrati huurefusha ugomvi lakini kila upande huondoka na kitu mkononi. Ile ya Warepublikan huufupisha, na huwaacha wengi waliompinga mshindi wakihisi kwamba hawakuulizwa.

Chama kimegawanyika kiasi gani

Mwezi Machi 2008 taasisi ya Gallup iliwauliza wafuasi wa kila upande wangefanya nini iwapo mgombea wao angeshindwa. Asilimia 28 ya wafuasi wa Clinton walisema wangempigia McCain badala ya Obama. Kwa wafuasi wa Obama, waliosema wangempigia McCain badala ya Clinton walikuwa asilimia 19. Takwimu hizo zilizunguka dunia. Novemba ilipofika, wapiga kura waliohojiwa walipotoka vituoni walionyesha kwamba Wademokrati asilimia 89 walimpigia Obama. Wapo waliohama kweli, na tafiti zilizowafuata wafuasi wa Clinton tangu mchujo zilikuta sehemu isiyo ndogo yao kwa McCain, lakini chama kwa jumla hakikupasuka. Mwaka 2016 Cruz alisimama mbele ya mkutano mkuu huko Cleveland, akawaambia wajumbe wapige kura kwa dhamiri zao bila kumuunga mkono Trump, akazomewa. Septemba akamuunga mkono, na Novemba karibu asilimia 90 ya Warepublikan wakampigia Trump.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kuuamini utafiti wa vitisho kama hivi, maana kwetu aliyekatwa huhama. Julai 2015 jina la Edward Lowassa halikuwemo kati ya matano yaliyopitishwa na Kamati Kuu ya CCM huko Dodoma, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ndani ya Chadema. Oktoba akapata takribani asilimia 40 ya kura za urais dhidi ya 58 za John Magufuli. Marekani njia hiyo ni nyembamba mno. Mchujo humalizika Juni wakati tarehe za mwisho za kujiandikisha kwenye karatasi za kura zinakaribia au zimepita, na majimbo mengi yana sheria za kumzuia aliyeshindwa katika mchujo asirudi kupitia mlango mwingine, ingawa nguvu yake kwa nafasi ya urais hutofautiana. Kiongozi aliyeshindwa hubaki chamani, na mfuasi wake anabaki na hiari ya kukaa nyumbani, kupiga kura ya chama kidogo, au kuvuka kwenda kwa adui wa siku zote.

Kwa sababu hiyo, badala ya kuuliza nani anatishia kuhama, ni bora kuangalia aliyeteuliwa alishindwa wapi katika mchujo, na kwa kiasi gani. Mwaka 2008 Obama aliangushwa vibaya Arkansas, Clinton akichukua asilimia 70. Ni kweli kwamba Clinton alikuwa mke wa gavana wa jimbo hilo kwa miaka mingi, hivyo sehemu ya ushindi ilikuwa ya nyumbani. Lakini Novemba, wakati nchi nzima iliposogea kuelekea Wademokrati kwa karibu pointi 10 ikilinganishwa na 2004, Arkansas ilikwenda kinyume: John Kerry, mgombea wa Wademokrati wa 2004, aliipoteza kwa pointi 10 hivi, Obama akaipoteza kwa 20. Mgawanyiko ulikuwepo; ulikuwa na anwani.

Utah ya 2016 ina anwani iliyo wazi zaidi. Cruz aliichukua kwa asilimia 69 katika kokasi ya tarehe 22 Machi, Trump akawa wa tatu. Novemba Evan McMullin, Mrepublikan aliyegombea kama mtu huru, alipata huko zaidi ya asilimia 21, na Trump akashinda kwa asilimia 45 na ushee katika jimbo ambalo Mitt Romney, mgombea wa Warepublikan wa 2012, alikuwa amepata zaidi ya 72 miaka minne nyuma. Utafiti wa taifa kuhusu umoja wa Warepublikan usingeweza kukueleza hilo, kwa sababu Utah ni ndogo mno ndani ya sampuli.

Na Michigan, ambako tafiti zilimkosea Sanders kwa pointi 20, pamoja na Wisconsin aliyoshinda tarehe 5 Aprili kwa karibu asilimia 57, zote zilimponyoka Clinton mwezi Novemba, Michigan kwa kura 10,704. Si kwamba wafuasi wa Sanders peke yao ndio waliomwangusha. Sababu zilikuwa nyingi. Lakini jimbo ambalo watafiti hawakuweza kulisoma mwezi Machi lilistahili kutazamwa upya kabla ya Novemba, na aliyeshika ramani ya mchujo alikuwa na onyo mkononi miezi minane kabla.

Kipimo hiki nacho kina mpaka wake. Mwaka 2024 Nikki Haley, mpinzani wa Trump katika mchujo wa Warepublikan, alijiondoa tarehe 6 Machi, siku moja baada ya Jumanne Kuu, lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi, na tarehe 23 Aprili Warepublikan wa Pennsylvania zaidi ya 150,000, karibu asilimia 17, walimpigia. Wachambuzi wengi walilichukua hilo kuwa ufa ambao ungemgharimu Trump jimbo lenye ushindani mkali. Novemba akaishinda Pennsylvania kwa kura kama 120,000. Kura za Utah za Machi 2016 zilipigwa Cruz akiwa bado mshindani, na kila aliyekwenda kwenye kokasi alijua kura yake inaweza kubadilisha kitu. Zile za Pennsylvania zilipigwa wakati shindano limekwisha, na baadhi ya waliozipiga walikuwa Warepublikan kwa daftari tu, watu waliokuwa wamemkataa Trump tangu 2020 na ambao hakuwategemea tena.